Mfanyakazi wa Mama: Kitu Gani Kinaajirika?



Miezi mitatu baada ya mama kupata kiharusi, tulifanya kikao cha familia nyumbani kwetu Kinanira. Kaka yangu mkubwa alikuwa kwenye simu kutoka Kanada. Shangazi alikuja kutoka Buyenzi. Dada yangu alikaa karibu na mlango wa chumba cha mama ili amsikie akiita. Swali lilikuwa moja: tumtafutie mama mtu wa kumhudumia hapa nyumbani, au hapana?

Kaka alisema atatuma pesa kila mwezi. Shangazi akakasirika. "Amewalea nyote kwa mikono yake. Leo mnamkabidhi kwa mtu wa mshahara?"

Tukanyamaza. Ndugu zangu wanafunzi, nani kati yetu angemjibu? Tunaijua Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, tangu madrasa: wazazi wakizeeka tusiwaambie hata neno dogo la kuchoka nao, bali tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Nilihisi shangazi amesema haki.

Lakini katika kimya kile nilimtazama dada. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza mama usiku asipate vidonda vya mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha, kumbadilisha nguo na kumpa dawa. Masomo yake ameyaacha mwaka wa pili. Mimi nasoma Mutanga, upande wa pili wa jiji; mafuta yakiadimika, nakaa kwenye mstari wa basi mjini kati mpaka Magharibi inanipita. Kaka yuko ng'ambo. Kwa ufupi, wanaume tulikuwa tunazisoma aya, na dada ndiye aliyekuwa akizitekeleza.

Hapo nikaona kosa la mjadala wetu. Tulidhani tunachagua kati ya kumhudumia mama wenyewe na kumwajiri mtu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshaajiri: tumemwajiri dada, bila mshahara, bila siku ya mapumziko na bila kumuuliza. Wema kwa wazazi ni faradhi ya kila mtoto. Ukimtwika mmoja mzigo wote, kisha ukajisifu kwamba nyumbani kwenu hakuna mtu wa mshahara, huo si wema wako. Ni wa yule aliyeubeba.

Je, Qur'ani inasema nini kuhusu kuajiri mtu katika nyumba yenye mzee? Kisa kipo, katika Surat Al-Qasas, aya ya 23 hadi ya 27. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akawakuta mabinti wawili wakiwazuia wanyama wao mbali na maji, kwa sababu wachungaji wamejaa kisimani na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Baadaye binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee naye akamweleza Musa masharti waziwazi, miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake, tena akasema hataki kumtaabisha.

Sitoi fatwa, mimi ni mwanafunzi tu. Lakini naona mambo manne katika kisa hiki. Kwanza, binti hakulaumiwa kwa kutafuta msaada. Pili, hakumwamulia baba. Alimshauri, na baba akaamua. Tatu, sifa zilizotajwa ni uwezo na amana. Nne, kazi iliyoajiriwa ni ile iliyokuwa ikiwatoa mabinti nyumbani, yaani kuchunga na kunywesha. Hakuajiriwa mtu wa kuwa mtoto wa yule mzee.

Hilo la nne ndilo jibu langu kwa shangazi. Kuna kazi, na kuna uana. Kufua shuka, kuchota maji bomba linapokatika, kukesha zamu: hizo ni kazi, na mkono mmoja haulei mwana, sembuse mgonjwa. Lakini kumsikiliza mama akirudia hadithi ileile mara ya tano, kumwombea dua mbele yake akaisikia, kumuuliza rai yake hata kama ulimi umekuwa mzito, haya hayana mshahara wala hayana mbadala. Tena aya ya Al-Israa inamtaja mzazi aliyezeeka akiwa kwako. Pesa kutoka Kanada ni wema mkubwa, na kaka atalipwa kwa Mola wake. Lakini pesa haiwezi kukaa kando ya kitanda.

Tulichokuwa tumesahau ni hilo la pili. Hakuna aliyemuuliza mama. Tulipoingia chumbani, alisema taratibu kwamba anakubali, ila awe mwanamke, asiwe mtu wa haraka, na kuoga aogeshwe na dada mpaka atakapomzoea mgeni. Kisha akanielekezea kidole: uji wa jioni nimpe mimi.

Aliyekuja ni mama mmoja kutoka milima ya Kayanza. Ni Mkristo. Shangazi aliguna, lakini leo ndiye anayemletea mama beseni la udhu kabla hatujakumbuka, na kumgeuza upande wa kibla.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Siku moja alituambia kwamba kule mlimani naye amemwacha mama yake mzee. Kumbe ili mama yetu asiwe peke yake, mama wa mwingine amebaki peke yake. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, wale tunachokula, wasitwikwe wasichokiweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Kwa hiyo tulikubaliana: mshahara siku yake bila kukumbushwa, Jumapili ni yake, usiku tunapokezana, na kila baada ya muda anakwenda kwao kwa nauli yetu. Sijui kama hilo linatosha. Najua tu kwamba huwezi kununua radhi za mama yako kwa kumdhulumu mtoto wa mama mwingine.

Dada amerudi chuoni. Mimi bado nachelewa njiani, lakini uji naukuta kwenye chupa ya chai, wa moto, haujaguswa. Mama anasubiri.

Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza kama inafaa kuajiri, uliza nyumbani kwenu nani anabeba mzigo sasa hivi, na lini ulimuuliza mzazi wako anachotaka. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Wallahu a'lam.