Dakika ya kuvaa

Tangu wakati wa korona kuna swali linazunguka kambini na halijakwisha. Mgonjwa pumzi zimembana, nesi yuko mlangoni, na badala ya kukimbia anavaa: gauni, glavu, barakoa, miwani. Familia inatazama. Je, huo ni utu?

Sisi tuliokimbia vita tunalisikia vibaya neno "ngoja". Tumengojeshwa mpakani, tumengojeshwa kwenye mgao, tunangojeshwa kwenye karatasi mpaka leo. Basi tukimuona mtu wa kuokoa anafunga kamba za gauni huku ndugu yetu anakoroma, tunasema yule anajipenda. Na hasira hiyo si ya kijinga. Ubongo ukikosa hewa dakika nne au tano hivi unaanza kuharibika. Dakika moja si kitu kidogo.

Lakini hebu tuangalie kazi yenyewe. Kumnyonya mgonjwa makohozi, kumbinyia ule mfuko wa hewa, kumwingiza mrija kooni: yote ni kuweka uso wako juu ya mdomo wake, naye anakohoa vitone ambavyo jicho halivioni. SARS ilipofika Toronto mwaka 2003, baadhi ya wahudumu walioambukizwa ni wale waliokuwa chumbani wakati mgonjwa anaingizwa mrija. Ndiyo maana wanafundishwa wawe wachache, anayejua zaidi ndiye ashike, mmoja abane kifuniko usoni kwa mikono miwili na mwenzake abinye mfuko, na chujio liwe katikati. Inasikika kama ubaridi, kumbe hewa isiyovuja pembeni ndiyo hiyo inayofika mapafuni mwa mgonjwa.

Karibu na sisi kuna Gulu, Uganda, mwaka 2000. Ebola haisafiri hewani kama kifua kikuu, inapita kwenye damu na majimaji ya mwili, ila swali ni lile lile. Dkt. Matthew Lukwiya aliongoza hospitali ya Lacor katika mlipuko ule. Usiku mmoja wa Novemba aliamshwa: nesi wake mwenyewe, mgonjwa, anatoka damu na anahangaika kupumua. Akaenda mbio, amevaa karibu kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba.

Nani atathubutu kumlaumu? Mimi siwezi. Ila siwezi pia kusema kwamba kila nesi anadaiwa kufanya vile. Nesi wa kambi hana mgonjwa mmoja. Nyuma ya huyu anayekoroma kuna foleni: mama mjamzito, mtoto wa malaria, mzee wa presha. Akiugua yeye, au akiubeba ugonjwa mpaka kwenye wodi ya watoto, foleni nzima inalipa, nayo haikuulizwa. Dakika ya kuvaa si mali yake binafsi.

Na hata wakubwa hawakukubaliana. Uingereza, mwaka 2020, baraza la wataalamu wa kufufua watu lilitaka mavazi kamili kabla ya kukandamiza kifua cha mgonjwa wa korona. Mamlaka ya afya ya umma haikuiweka kazi hiyo kwenye orodha ya zile zinazotawanya virusi hewani. Kama wao walibishana, tusimhukumu haraka dada mmoja wa zamu ya usiku.

Kinachoniuma ni kingine. Dakika hiyo ni fupi kama vifaa vimetundikwa mlangoni. Inakuwa robo saa kama viko stoo, na mwenye ufunguo amekwenda mjini. Hapo aliyemcheleweshea mgonjwa hewa si nesi, ni mtu ambaye hata hakuwepo. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hilo ni lenu. Na familia iambiwe mapema, mgonjwa anapolazwa, siyo wakati anazimika: "Akizidiwa, mtaniona navaa kwanza. Sijamwacha."

Mama mwenye mtoto wake nyumbani ni habari nyingine. Anaweza kumwekea mdomo juu ya mdomo bila kitambaa, bila kufikiri. Mtu atamwambia nini? Yeye hana foleni nyuma yake, ana huyo mmoja tu mikononi.