Hitilafu ya Usukani Inakaa Wapi?

Hitilafu ya usukani haionekani. Kinachoonekana ni athari yake. Lori linavuta kushoto, au usukani unatetemeka likigonga shimo kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, au linatangatanga hata kwenye lami iliyonyooka. Fundi huanzia kwenye athari akarudi nyuma kutafuta chanzo, na hapo anaingia katika swali ambalo wanafalsafa wamelibishania kwa karne nyingi. Je, chanzo ni kitu kinachokaa mahali fulani kikingoja kugunduliwa, au ni jina linalopewa jambo ambalo mtu anaweza kulirekebisha?

Lori la zamani lililofufuliwa linafaa kulipima swali hili, kwa kuwa viungo vyake ni vichache na vyote vinafikiwa kwa spana. Katika Bedford ya aina ya J, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, ekseli ya mbele ni pau moja ya chuma iliyofungwa kwenye springi mbili kwa yubolti. Kila gurudumu hugeukia kwenye kingpini yake, tairodi inayaunganisha mawili, na mkono wa dereva unafika huko kupitia boksi la stelingi na fimbo moja.

Wazo kwamba chanzo kinakaa mahali lina mtetezi mzuri. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya tofauti: hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na athari ikawepo katika moja na kukosekana katika nyingine, basi kile kimoja ndicho chanzo au sehemu ya chanzo. Gereji huitumia njia hiyo bila kuitaja. Gurudumu la mbele linainuliwa kwa jeki, fundi analishika juu na chini, analisukuma na kulivuta. Likicheza, washukiwa ni wawili: beringi au kingpini. Utingo anaambiwa akanyage breki. Breki ikishika, gurudumu na habu yake vinakuwa kitu kimoja na bamba la breki, hivyo ulegevu wa beringi hauna tena pa kujitokeza. Gurudumu likitulia, kosa ni la beringi. Likiendelea kucheza, ni la kingpini. Hakuna kilichobadilika ila mguu mmoja juu ya pedali. Lori linalovuta upande hupimwa vivyo hivyo: matairi ya mbele yanabadilishana nafasi, na mvuto ukihama nayo, kosa ni la tairi. Usipohama, fundi atafute kwingine, labda breki inayong'ang'ania upande mmoja, ambayo hujulikana kwa dramu yenye joto kuliko mwenzake.

Njia hii inakwama kwenye mtetemo. Mwaka 1906, Pierre Duhem, mwanafizikia Mfaransa, alitofautisha mtengeneza saa na tabibu. Mtengeneza saa huifungua saa akakagua kipande kimoja kimoja mpaka apate kilichoharibika. Tabibu hawezi kumfungua mgonjwa, hana budi kukisia kutokana na dalili za mwili mzima. Duhem alimweka mwanafizikia upande wa tabibu. Lori, mtu angedhani, ni saa kubwa tu. Lakini likishafunguliwa, mtetemo haupo tena. Kingpini ina ulegevu mdogo unaoruhusiwa, tairodi kadhalika, tairi halina uzito sawa pande zote, boksi la stelingi linacheza kidogo. Kila kimoja kikipimwa peke yake kinapita. Vikiwa pamoja, katika mwendo fulani, vinaamshana. Hata jeki huficha mambo, kwa kuwa magurudumu hayabebi tena mzigo. Ndiyo maana fundi makini huliacha lori lisimame kwa magurudumu yake, msaidizi akitikisa usukani kidogo kushoto na kulia, naye akiwa chini akitazama mwendo unapotelea kwenye kiungo gani.

Kufufuliwa kunaleta ugumu ambao lori lililochakaa tu halina. Kila kitu ni kipya, na upya huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutokuwa na kosa. Springi mpya yenye upinde mkubwa kuliko ile ya kiwandani yaweza isiwe na dosari yoyote. Imeliinua lori tu, ikabadilisha pembe ya ile fimbo inayotoka kwenye boksi, na sasa kila tuta linageuza magurudumu ilhali dereva hajagusa usukani. Kabari nyembamba inayokaa kati ya springi na ekseli nayo ikiwekwa kinyume, kingpini inapoteza mwinamo wake wa kulala nyuma, na lori linasahau kurudi katikati. Kosa haliko ndani ya springi wala ndani ya fimbo. Liko katika jinsi zinavyokutana, na anayeuliza ni kipi kimeharibika ameuliza swali lisilo na jibu.

Hapo wazo la pili linapata nguvu. R. G. Collingwood wa Oxford, katika kitabu cha metafizikia cha mwaka 1940, alitoa mfano wa gari lililoteleza kwenye kona likapinduka. Dereva anasema chanzo ni mwendo wake. Mhandisi wa barabara anataja barabara ilivyojengwa. Mtengeneza magari anataja usanifu wa gari. Kila mmoja anaita chanzo kile kilichomo mkononi mwake. Hoja inavutia, ila ikifuatwa mpaka mwisho inamfungulia fundi mlango wa ujanja. Boksi la stelingi huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa lori hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Skrubu ya marekebisho ikikazwa mpaka usukani uache kucheza hapo, meno yatabana kwenye kona, ambako hayajalika, na usukani hautarudi wenyewe. Skrubu ilikuwa mkononi mwa fundi, na kucheza kumekwisha kweli. Bado chanzo kilikuwa meno yaliyolika. Uwezo wa kurekebisha huchagua chanzo kipi kitajwe kati ya vilivyopo. Hauviumbi.

Linabaki suala la uthibitisho. Kwa kipimo cha Mill, lori kupona hakutoshi, kwa sababu kazi moja hubadilisha mengi: kubadilisha kingpini ni kufungua pia tairodi, kupaka grisi, kukaza nati upya na kupima alaimenti. Uthibitisho kamili ungetaka kingpini ya zamani irudishwe na mtetemo uonekane tena, na hakuna mwenye lori atakayelipia kazi hiyo. Fundi huridhika lori likipakiwa mzigo, likapitishwa barabara ileile kwa mwendo uleule, na usukani ukatulia. Anachoweza kukisema kwa haki ni kwamba kati ya yote aliyoyagusa, angalau moja lilihusika.