Mgambo na Jirani Yake

Njia ya kale ya misafara, toka Bagamoyo hadi Tabora na kushuka Ujiji, hupita katika nchi iliyowajua watu wenye silaha kabla ya kulijua jeshi. Ruga-ruga wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, waliilinda njia hiyo na kuipora pia.

Twakumbusha haya kwa ajili ya mgambo. Januari 1964 askari wa kambi ya Tabora waliasi, wakiwafuata wenzao wa Colito, Dar es Salaam, na Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza wawanyang'anye silaha. Fundisho lililotokana na aibu ile lilikuwa la haki: ulinzi usiachwe mikononi mwa wachache, bali raia wafundishwe silaha, kisha warudi mashambani wakingoja kuitwa. Walipoitwa mwaka 1978, Idi Amin alipokwisha kuivamia Kagera, sababu ilikuwa wazi. Adui alijulikana, na mpaka ulijulikana.

Je, akiitwa pasipo vita? Novemba 1973 iliamriwa kwamba wakulima wote wawe wamehamia vijijini kabla ya mwaka 1976 kwisha, na mahali pengi mgambo walitumwa kuwahamisha wasiotaka. Nyumba zilibomolewa, nyingine zikachomwa moto. Aliyesimama mbele ya mgambo siku ile hakuwa jeshi la kigeni; alikuwa mkwewe, au mama aliyempa maji ya kunywa juzi.

Wako wasemao kwamba amri ni ya Serikali, basi mgambo hana lawama. Twakubali nusu. Serikali halali yaweza kumwita raia aokoe watu katika mafuriko au alinde ghala la chakula, naye aitikaye hufanya kazi njema. Lakini vitani haki ya kutumia nguvu hutokana na yule ajaye na silaha. Asipokuwapo huyo, sharti sababu nyingine itafutwe, na ipimwe upya kila mara; wala mkulima aitwapo haiachi dhamiri yake shambani pamoja na jembe.

Sheria ya 1975 ilimpa mgambo uwezo wa kukamata kama polisi, na mwaka 1989 sungusungu wa Unyamwezi na Usukuma, waliojiunda wenyewe dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakapewa uwezo huo huo. Hatusemi ilikuwa vibaya. Wezi walikuwapo kweli. Ila twamtuma mtu aliyefundishwa kwata na shabaha akamshike muuza ndizi sokoni, kisha twashangaa akimpiga.

Basi anayemwita mgambo pasipo vita aandike kazi yenyewe, mipaka yake na siku ya mwisho wake, na jina lake chini. Na mgambo akiagizwa kubomoa paa lililo juu ya mgonjwa, akatae.