TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: MGENI AU JINA?



Mwaka 2010, ndani ya jengo la Burj Khalifa kule Dubai, ilifunguliwa hoteli ya Armani, yule mbunifu wa mavazi wa Italia. Bulgari, wauza vito, walishatangulia kufungua yao Milan mwaka 2004. Jina lililozoeleka kwenye koti na pete, sasa mtu analala ndani yake.

Je, ni haramu? Kulala pazuri kwa mali ya halali si dhambi, na wapo wanaopata riziki yao humo. Lakini tujiulize: pale anayetukuzwa ni mgeni, au ni jina lililoandikwa mlangoni? Asiye na pesa hawezi hata kuwa mgeni.

Sasa mtazame Nabii Ibrahim (a.s.). Walimjia watu asiowajua. Hakungoja kujua vyeo vyao. Alienda kimya kimya kwa ahali zake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea.

Tusiwanyooshee kidole wa Dubai tu. Na sisi futari zetu tunaalika wenye majina, picha zishapanda status kabla ya adhana, na jirani mjane anaishia kusikia harufu ya sambusa. Hapo na sisi tumelikirimu jina, mgeni tumemsahau.

Leo kabla ya Magharibi, mpelekee sahani moja mtu asiyeweza kukualika kwake. Na usipige picha.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.