Ukigonga Ndiyo Inapanda

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Kapsoit, mmoja wa wale 100,000 na zaidi ambao serikali iliwapa mikoba mwaka wa 2023. Mkobani mna mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto. Nyumba moja kwenye ploti za kukodisha ilinisumbua sana. Nilikuwa nagonga, nampima yule mama, presha iko juu, naandika kwenye simu, naenda zangu. Siku moja akaniambia, "Daktari, ukigonga ndiyo inapanda." (Sisi si madaktari, lakini watu wameshazoea.)

Alizaliwa kambini, ndani ya shamba la chai, wazazi wake wakiwa wametoka Kisii kuja kuchuma. Mpaka leo anaitwa mgeni. Januari 2008 mlango wao uligongwa usiku, akatokea dirishani na mtoto. Baadaye alirudi, kwa sababu kazi ilikuwa huku. Halafu zikaja mashine za kuchuma chai, kazi ikaisha, akabaki na chumba cha kulipia kodi na usingizi wa saa mbili.

Mimi ni Mkipsigis. Sikugonga mlango wa mtu. Lakini kaka zangu hawakuwa nyumbani usiku ule, na sijawahi kuwauliza walikuwa wapi.

Basi nina haki gani ya kumuuliza yeye kama analala?

Wengine watasema atafutwe mtu wa kwao, anayejua Ekegusii, maana uchungu hautoki vizuri kwa Kiswahili cha kupima kilo za majani. Nilidhani hivyo pia. Yeye mwenyewe akacheka: "Huyo wa kwetu atafikisha habari zangu Keroka kabla sijapanda matatu." Mji ukiwa mdogo na kabila lenu likiwa watu wachache, kanisa ni moja, chama ni kimoja, na kila sikio ni la binamu wa mtu. Wakati mwingine ni rahisi kumwambia mtu wa nje. Ila mtu wa nje mwenyewe ndiyo mimi.

Huku kwetu kunyamaza tunaita heshima. Tusifukue yaliyopita, tunasema, tuishi kwa amani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na tangu hapo tumejifanya hesabu imefungwa. Nikiwa mkweli, ukimya huo umetupumzisha sisi. Yeye haujampumzisha. Ndiyo maana naona kumuuliza ni deni langu, japo kunijibu si deni lake. Akiniambia "niko sawa tu", nakubali, nanywa chai, narudi wiki ijayo. Nimemwelekeza kliniki ya hospitali ya Kericho. Nauli na foleni ni ubishi mwingine, ameenda mara moja.

Siku hizi sigongi. Nasimama kwenye kamba ya nguo naita, "Mama, ni mimi." Presha imeshuka kidogo, sijui ni dawa au ni hiyo.

Wiki iliyopita, nikifunga mkoba, aliuliza kwa upole, "Na nyinyi, usiku ule mlikuwa wapi?"

Nikasema mimi nilikuwa nyumbani.

"Na wengine?"

Jumamosi kaka yangu mkubwa anakuja kunisaidia kupogoa chai. Tutakuwa shambani wawili tu, kutwa nzima.