Barua ya Mtoto Aliye Mbali na Kwao



Twataka kunena nanyi mwezi huu habari ya barua. Si barua za Mtume Paulo, ambazo mmezisikia mara nyingi, bali barua zilizoandikwa na watoto katika Vita Kuu ya pili, ile ya mwaka 1939 hata 1945, walipotengwa na wazazi wao ili waokoke na mabomu. Mtu atauliza, Watoto wa Ulaya na barua zao zatuhusu nini sisi? Na asome kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Vita ilipokaribia, serikali ya Uingereza iliogopa ya kuwa ndege za adui zitaharibu London na miji mingine mikubwa. Kwa hiyo tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla nchi ile haijaingia vitani, walianza kuwaondoa watoto mijini na kuwapeleka mashambani. Kwa siku tatu watu kama 1,500,000 walisafirishwa, na katika hao watoto wa shule walikuwa zaidi ya 800,000, waliokwenda pamoja na waalimu wao, pasipo baba wala mama. Kila mtoto alikuwa na kipande cha karatasi ngumu chenye jina lake, kimefungwa katika koti, na kijisanduku chenye kinyago cha kumkinga na hewa ya sumu. Wazazi wakaagana nao, wala hawakuambiwa gari la moshi laenda wapi. Mama akarudi nyumbani asijue mwanawe atalala usiku ule katika kijiji gani.

Lakini watoto walikuwa wamepewa kadi ya posta, yenye stempu tayari. Mtoto akiisha kupokewa katika nyumba, kazi yake ilikuwa kuandika katika kadi ile ya kwamba amefika, na jina la mahali anapokaa, na jina la watu waliompokea. Basi. Hata mtoto asiyejua kuandika vizuri aliweza kuandika hayo, au kuandikiwa na mwalimu. Hebu fikirini zile siku za kungoja, jinsi mama alivyotega sikio asikie nyayo za mpeleka barua. Kadi ilipofika, je, mwadhani aliitazama ili aone kama herufi zimenyoka, au kama mtoto ameanza kwa salamu zilizo za adabu? Aliisoma, akajua mtoto yuko wapi, akakaa kitini akalia.

Baada ya kadi zikaja barua. Na hapa, ndugu, ndipo penye neno letu la leo.

Serikali iliwalipa waliowapokea watoto shilingi 10 na peni 6 kila juma kwa mtoto aliye peke yake. Wengine waliwapokea kwa upendo hata watoto wakapata kule mama wa pili, wakampenda siku zote za maisha yao. Wengine waliwapokea kwa ajili ya fedha, au kwa ajili ya mikono ya kazi, na watoto wakaona njaa na mapigo. Lakini ukizitazama barua walizoandika, mara nyingi huwezi kujua ni yupi aliyependwa na yupi aliyeteswa. Zote zasema, Mimi ni mzima, chakula ni kizuri, nawasalimu sana. Kwa nini? Kwa sababu barua nyingi ziliandikwa mezani pa mwenye nyumba, naye ameketi papo hapo. Pengine aliisoma kabla haijatiwa katika bahasha. Tena wako watoto waliojificha wenyewe, pasipo kutazamwa na mtu, kwa maana walijua ya kuwa mama yao yu katika mji wenye hatari, wasitake kumwongezea huzuni. Mtoto wa miaka minane alichukua mzigo wake kimya, akaandika ya kwamba hana mzigo.

Wazazi hawakudanganyika wote. Mama aijua sauti ya mwanawe hata katika wino. Akiona barua ya mistari mitatu kutoka kwa mtoto asiyeweza kunyamaza nyumbani hata wakati wa chakula, aijua maana yake. Wako wazazi waliopanda gari la moshi wakaenda kuwatwaa watoto wao. Wengine waliwarudisha kwa kuwa mabomu yaliyoogopwa yalikuwa hayajaanguka bado. Hata ulipofika mwezi wa Januari 1940, karibu nusu ya watoto wale walikuwa wamekwisha kurudi kwao.

Sasa tutazame maombi yetu. Sisi nasi tu mbali na kwetu, nasi twaandika kwa Baba. Lakini ni mara ngapi twaandika kama watoto wale, mwenye nyumba akiwa ameketi mezani! Mzee wa usharika asimama kuomba, na maneno yake ni mazuri, yamepangwa kama matofali. Lakini kila neno lapita kwanza masikioni mwa watu kabla halijapanda juu. Ndugu aliyezika mtoto majuma mawili yaliyopita aombwa kufunga ibada, naye ashukuru kwa uzima na afya, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi ya kufunga ibada. Hatumlaumu. Twauliza tu, Ni nani aliyemfundisha kuandika hivyo? Maana si Zaburi zilizomfundisha. Someni Zaburi ya 88, muone jinsi inavyokwisha: haina shukrani mwishoni wala tumaini lililopambwa, yaishia gizani. Wala wazee wa Israeli hawakuitupa nje ya kitabu. Waliiacha ndani, ikaimbwa hekaluni.

Kuna barua fupi kuliko hizo, nazo twazitaja kwa kicho. Toka mwezi wa Desemba 1938 hata vita ilipoanza, watoto karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, walitolewa katika Ujerumani na Austria na Chekoslovakia, wakapelekwa Uingereza, ili waponywe na mkono wa serikali ya Hitler. Wazazi wao wengi hawakupata ruhusa ya kuingia nchi ile. Vita ilipoanza, posta kati ya nchi zile ilifungwa. Iliyobaki ni karatasi ya Msalaba Mwekundu: mtu aliruhusiwa kuandika maneno yasiyozidi 25, na jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ile ile, nayo ikakaa njiani miezi. Jaribuni kumwandikia mama kwa maneno 25. Kisha, hasa tangu mwaka 1942, majibu yakakoma kwa watoto wengi, kwa sababu wazazi walikuwa wamechukuliwa kwenda kuuawa. Jambo hili lilifanywa katika nchi ya Luther, yenye makanisa na kengele na vitabu vya nyimbo kama vyetu, na wengi wa ndugu zetu wa imani walinyamaza. Hatuthubutu kulifanya kuwa mfano wa mahubiri. Twalitaja ili mtu asizungumze kwa wepesi juu ya barua zisizojibiwa, kana kwamba kila aliyeandika alijibiwa.

Na sasa twende kaskazini, katika nchi za Ufini na Uswidi, ambazo watu wake wengi ni wa Kanisa letu la Kilutheri, na ambazo wamisionari wake mmewaona.

Urusi iliishambulia Ufini tarehe 30 Novemba 1939. Amani ilifanywa mwezi wa Machi 1940, lakini vita ikaanza tena mwaka 1941, ikaendelea hata 1944. Katika miaka ile watoto kama 70,000 walitolewa Ufini, wengi wao wakapelekwa Uswidi, na wengine Denmark. Walivuka kwa merikebu na kwa gari la moshi, kila mmoja na kibao cha jina na hesabu shingoni. Wengi walikuwa wadogo, hawajafika umri wa shule. Waswidi waliwapokea kwa hiari, wakawavika, wakawalisha. Na katika nyumba nyingi walilelewa kama watoto wa kuzaliwa.

Lakini Kifini na Kiswidi si ndugu hata kidogo. Umbali wake ni kama umbali wa Kiswahili na Kimasai. Mtoto wa miaka minne au mitano alipofika hakusikia neno hata moja. Akalia kwa lugha yake. Kisha akajifunza neno la maziwa, na neno la mkate, na jina la mbwa. Na baada ya miezi kadhaa akacheza na wenzake kwa Kiswidi. Hakuna aliyemkataza Kifini. Hakuna aliyemwambia, Mama yako si mama yako. Alikula akashiba, akalala pakavu, na neno moja moja likaanguka, kama majani yanavyoanguka pasipo upepo. Hata ikafika siku mama mlezi akamwambia, Tumwandikie mama yako barua. Naye mtoto akataka kuandika, akaona ya kuwa hana maneno. Ikaandikwa kwa Kiswidi. Mama kule Ufini akaipokea, akaona ni ya mwanawe, asiweze kuisoma. Akaichukua kwa mtu ajuaye Kiswidi amsomee.

Twaomba msipite hapa upesi. Mama ameshika barua ya mtoto wake mwenyewe, naye ahitaji mkalimani.

Vita ilipokwisha watoto walirudishwa, ingawa maelfu kadhaa walibaki Uswidi. Mama alimpokea mtoto aliyekua, mwenye mashavu mazuri, naye akasema naye, na mtoto akamtazama tu. Wakaoneshana kwa mikono: kula, njoo, lala. Wako waliosema katika uzee wao ya kwamba kutengwa kule kuliwaumiza kuliko vita yenyewe. Sisi hatutawahukumu wazazi waliowapeleka. Aliyesikia mabomu juu ya paa lake ndiye ajuaye. Lakini twalishika neno hili: lugha ya nyumbani haikupotea kwa chuki wala kwa uasi. Ilipotea kwa kutosemwa.

Mambo haya Maandiko yayajua. Danieli alichukuliwa kijana katika vita, akapewa jina geni, akafundishwa lugha ya Wakaldayo, akawa mtu mkubwa katika nchi ile. Naye alikuwa na dirisha lililoelekea Yerusalemu, na mara tatu kila siku alipiga magoti hapo. Twaona ya kuwa dirisha lile lilikuwa barua yake. Si ajabu kwamba walipotaka kumwangamiza walilishika jambo hilo, maana walijua ndilo linalomfunga na kwao. Tena Nehemia, katika sura ya 13 ya kitabu chake, aliwakuta watoto wa Yuda ambao nusu yao walisema lugha ya Ashdodi, wala hawakuijua lugha ya Kiyahudi. Nehemia alikasirika, akawapiga baba zao, akawang'oa nywele. Wako wazee wa Kanisa wanaoupenda sana mfano huo! Sisi twampenda zaidi yule mama wa Ufini, aliyetwaa barua asiyoweza kuisoma, asiirudishe kwa mwenyewe, bali akaenda kumtafuta mtu wa kuifasiri.

Maana wako kati yetu waliolelewa katika maombi, kisha wakaenda mjini wakapata kazi na mshahara na nyumba ya bati. Hawakumkana Bwana. Walishiba tu, na neno moja moja likaanguka. Leo wakipatwa na msiba wataka kuomba, nao waona aibu, kwa kuwa hawana maneno; wasema, Mchungaji, niombee wewe ujuaye. Ndugu, Mtume awafundisha Warumi, katika sura ya nane, ya kuwa hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Yeye ndiye mkalimani wa barua hizo. Na neno analolitia kinywani mwetu ni Aba, neno la mtoto nyumbani, fupi kuliko kadi ya posta. Mtu aliyesahau mengine yote aweza kuanzia hapo.

Nanyi waalimu, twawaomba neno moja. Mtoto akisimama darasani aombe kwa maneno yake, pengine kwa lugha ya kikwao, akakwama katikati, msimtilie neno kinywani upesi. Ngojeni. Akisema mbele ya wote ya kuwa nyumbani hakuna chakula, au ya kuwa baba ampiga mama, msimwonye baadaye kwamba hayo si ya kusemwa kanisani. Nendeni nyumbani kwao mkatazame. Maombi ya kitabu yafundisheni kwa bidii, maana ni stempu iliyotolewa bure. Lakini na wale wakubwa wanaosema hawajui tena kuomba, wapeni kwanza kazi ya siku ya kwanza: waseme wako wapi. Mwenye mgonjwa na aseme nina mgonjwa. Mwenye deni na aseme nina deni, na alitaje ni la nani.