Mzigo wa Mwenzako

Wahenga walisema mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Mzigo anaoubeba mwingine huonekana mwepesi siku zote, na aliyekaa kivulini haoni taabu kumwambia mpagazi aongeze mwendo. Katika insha hii tunataka kuutazama mzigo mmoja wa siku zetu, ambao wengi wetu tunautegemea bila kuujua. Kisha tujiulize swali linalohusu imani yetu kuliko linavyohusu mitambo: mtu anayetupa kitu bure, tunaweza kumdai nini?

Simu nyingi tunazobeba mifukoni zinaendeshwa na Android, na ndani ya Android kuna Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Finland. Aliianza kama kazi ya kujifurahisha. Zipo ofisi zinazoandika barua na kumbukumbu za vikao kwa LibreOffice. Yapo makanisa yanayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa kutumia OpenLP. Zote hizi ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuona zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kumpa jirani yake bila kulipa. Baadhi ya wanaozitengeneza wameajiriwa na kampuni kwa kazi hiyo. Lakini wengi hukaa mbele ya kompyuta usiku, baada ya kazi ya mchana na baada ya watoto kulala, wala hawapati mshahara wowote kwa jasho hilo.

Leseni za programu hizi kwa kawaida husema wazi kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana. Hata hivyo yeyote aliyewahi kutunza programu ya namna hii anazijua barua zinazokuja. Mtu ameipakua asubuhi, jioni ameshakasirika. Mbona hitilafu hii haijarekebishwa? Mnangoja nini? Kama mmeshindwa, waachieni wengine. Anaandika kama mteja aliyelipa akanyimwa bidhaa yake, ilhali hakutoa hata senti, wala hakuuliza kama yule anayemwandikia ni kampuni ya watu mia au ni mtu mmoja aliye mgonjwa.

Maandiko Matakatifu yanaijua hali hii. Wana wa Israeli walipewa jangwani mkate ambao hawakuulima wala kuuvuna. Haikupita muda mrefu wakaanza kulia wakikumbuka samaki na vitunguu vya Misri. Waliolalamika hawakuwa wamekosa chakula; walikuwa wameshakula, na mazoea yalikuwa yameigeuza zawadi kuwa posho. Ndivyo tulivyo wanadamu. Tukipewa mara ya kwanza, tunashukuru. Mara ya kumi tunangojea, na mara ya mia tunadai.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, kwa maana si kila anayelalamika anakosea. Zaburi zimejaa vilio, na Bwana Yesu alisimulia habari za rafiki aliyegonga mlango usiku wa manane bila kuaibika. Aidha, kuna uhitaji ambao si wa anasa. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka 2004, na Eldoret nchini Kenya ni miongoni mwa mahali ilipotumika kwanza. Muuguzi anayeshindwa kufungua kumbukumbu za mgonjwa hana muda wa kutafuta maneno matamu. Je, hatuwezi kusema kwamba aliyewazoesha watu kumtegemea amejifunga kwao?

Tunakiri kwamba swali hili ni zito, na jibu letu lina sehemu mbili. Mtoaji anawiwa ukweli. Asiahidi asichoweza. Akichoka, aseme amechoka. Akiacha, atangaze ameacha, ili wanaomtegemea wajipange. Asifiche kasoro anayoijua. Huo ni wajibu wa kila mtu kwa jirani yake. Lakini hawiwi maisha yake yote. Uhitaji wa jirani ni wito kwa kila mwenye uwezo wa kusaidia, na haufai kuwa mnyororo shingoni mwa yule mmoja aliyetangulia kuitika. Tukisema kwamba aliyesaidia jana amejifunga kusaidia milele, na kwamba ambaye hajawahi kusaidia yuko huru, tutakuwa tumeupa wema adhabu na uchoyo thawabu.

Madhara ya kusahau jambo hili yameonekana. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kubana data ili ichukue nafasi ndogo. Imo katika karibu mifumo yote ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja nchini Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu walianza kumwandikia wakimlaumu kwa uchelewaji na kumtaka amkabidhi mwingine kazi. Alijibu kwa upole kwamba hajaipoteza hamu, ila afya yake ya akili imempunguzia nguvu, na akawakumbusha kwamba kazi hiyo hailipwi. Hawakunyamaza. Wakati huohuo alikuwapo msaidizi mmoja mwenye bidii na adabu, aliyejiita Jia Tan. Mtunzaji akamwamini na kumpa madaraka.

Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo alitoa matoleo ya XZ yenye mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika kompyuta za watu wengine. Tarehe 29 Machi mwaka huo mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu jambo hilo. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa takribani nusu sekunde, akafuatilia sababu. Mlango ule ukafungwa kabla haujaenea kwa watumiaji wengi. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba hata baadhi ya wale walalamikaji wa mwaka 2022 walikuwa sehemu ya hila.

Tutafakari hapo kidogo. Ikiwa ni kweli, basi aliyetaka kufanya uovu alitumia kama silaha lugha ya kudai, kwa kuwa alijua haitamshtua mtu. Mbwa mwitu hakulazimika kujivika ngozi ya kondoo. Ilimtosha kulalamika kama kondoo wengine wanavyolalamika. Laiti watumiaji wa kweli wangekuwa na desturi ya kumuuliza mtunzaji hali yake, sauti ile kali ingesikika kuwa ngeni, na pengine mtu angeitilia shaka.

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma kuhusu Yethro, mkwewe Musa. Alimkuta Musa ameketi kuamua mashauri ya watu, nao wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Yethro hakumsifu kwa uvumilivu wake. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye pamoja na watu alio nao. Tuzingatie hilo la pili. Mzigo ukimwelemea mmoja, hata wanaomngoja huumia. Wala dawa aliyoitoa Yethro haikuwa kumhimiza Musa aongeze bidii. Ilikuwa kuwatafuta watu wengine waaminifu wagawane naye kazi.

Basi kushukuru kwa midomo ni kuzuri, lakini hakutoshi. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyoitwa Heartbleed, katika programu ya OpenSSL, ambayo hulinda siri za mawasiliano kwenye sehemu kubwa ya intaneti. Ndipo watu walipotambua kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takribani dola 2,000 tu kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiufanyia kazi muda wote. Kampuni zenye mabilioni zilikuwa zimejenga juu ya mgongo huo. Baada ya aibu hiyo, kampuni kadhaa ziliungana na shirika la Linux Foundation kuanzisha mfuko wa kusaidia miradi ya namna hiyo. Torati ilikuwa imeshakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka.

Na sisi ambao si kampuni, tufanye nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kabla hatujauliza, tusome maelezo yaliyokwisha kuandikwa. Tukiripoti hitilafu, tueleze tulitumia toleo gani, tulifanya nini na nini kilitokea, ili anayetusaidia asipoteze usiku wake akibahatisha. Tukishapata jibu, tumjibu anayeuliza swali lilelile baada yetu. Anayejua Kiswahili vizuri ana jembe mkononi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, na kazi ya kutafsiri programu bado inahitaji watu. Usharika unaookoa gharama za leseni mwaka mzima unaweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya wale waliouwezesha. Na kama hatuna la kutoa, tunaweza walau kungoja bila matusi.

Tena tusidhani mambo haya yako mbali, kwenye kompyuta za watu wa Ulaya. Mwalimu wa kwaya anayefundisha kila Alhamisi bila posho, mama anayefundisha shule ya Jumapili mwaka wa kumi na mbili sasa, kijana anayefunga vipaza sauti kabla ya ibada na kuvifungua watu wakishaondoka: hao nao husikia sauti zetu siku chombo kinapokoroma, na siku kinapofanya kazi hawasikii kitu. Katika wale kumi waliotakaswa ukoma, mmoja tu alirudi. Bwana hakuwanyang'anya wale tisa uzima wao. Zawadi ilibaki kuwa zawadi. Lakini aliuliza wako wapi. Jumapili hii, kabla ya kumwambia kijana wa vipaza sauti kwamba sauti ilikuwa mbaya, tumuulize amekula saa ngapi, na kama anahitaji mtu wa kumsaidia kukunja nyaya.